Masale, Bikoni na Lango la Philadelphia

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, hakuna kibao kinachokuambia nyika imeishia wapi. Wasambaa hawakukihitaji. Shambaai, nchi yao, ni pale mimea inapobadilika. Ukiona migomba imeshika mteremko, umefika. Hata mpaka mdogo, wa shamba na shamba, ulipandwa: masale mstari mmoja, na jirani aliyeshuhudia ndiye aliyekuwa hati.

Wajerumani walipouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, walileta mpaka wa karatasi. Leo mji ukipanuka, kijiji hugeuka mtaa, shamba hukatwa viwanja, na kwenye pembe huchimbiwa bikoni ya zege. Siichukii bikoni. Mjane mwenye hati ana nguvu mbele ya baraza la ardhi kuliko mjane aliyeachiwa masale matupu. Lakini sale likikauka, majirani wawili hulazimika kukutana ili kupanda jingine. Bikoni haiwakutanishi; ikihamishwa usiku, kinachofuata ni kesi.

Wachina nao walikuwa na njia yao ya kusema hapa ni kwetu: lango. Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang, uligawanywa katika mitaa yenye kuta. Jioni ngoma zilipigwa na malango yakafungwa. Kumbukumbu hiyo imefika mbali. Huko Philadelphia, Marekani, ambako Wachina walianza kufungua biashara zao Race Street katika miaka ya 1870, lango la urafiki lilisimamishwa mwaka 1984 na mafundi kutoka Tianjin. Ni zuri mno. Ila liko upande wa kusini wa mtaa wa Wachina tu.

Kaskazini mpaka uliwekwa na barabara kuu. Mpango wa Vine Street Expressway ulitaka kulibomoa kanisa Katoliki la Wachina, Holy Redeemer, lililofunguliwa mwaka 1941 pamoja na shule yake. Wakazi walipinga kwa miaka mingi, kanisa likapona. Barabara ilipokamilika mwaka 1991, kanisa lilibaki ng'ambo moja na sehemu kubwa ya mtaa ng'ambo nyingine, magari yakipita kwenye handaki la wazi katikati. Jengo liliokolewa, njia ya mtoto kwenda shule kwa miguu ndiyo iliyokatwa. Mwaka 2022 ukaja mpango wa uwanja wa mpira wa kikapu kwenye ukingo wa kusini, ambao ungeubana mtaa pande mbili. Wakazi waliingia tena barabarani, na Januari 2025 wamiliki wa timu iliyoutaka uwanja wakauacha mpango huo.

Nikirudi Lushoto kwa mawazo, namwona mpima ardhi na chombo chake begani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitambua haki ya kimila, kwa hiyo mstari wa masale si magugu mbele ya sheria hiyo. Natamani aanze kazi asubuhi, pamoja na wazee wa pande zote mbili, akiufuata mstari huo shina kwa shina kabla fundi hajakoroga zege.