Motokaa Adimu: Ibadilishwe au Ihifadhiwe?

Mkazi wa Turiani, chini ya milima ya Nguru, aijuaye njia ya udongo wakati wa masika, hatamlaumu mtu anayeinua motokaa yake isikwame. Je, motokaa ya mbio iliyoundwa kwa idadi ndogo nayo ibadilishwe? Historia ya Safari Rally yatupa mwanga. Mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalipangwa kwa madaraja kufuata bei ya dukani. Miaka 30 baadaye, sheria za Kundi B zilitaka magari 200 tu yaundwe ndipo aina hiyo ikubaliwe mashindanoni. Toyota Celica ya kundi hilo, ikiisha kuimarishwa kwa ajili ya matope na mawe, ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Basi mabadiliko ya namna hiyo si doa. Ni sehemu ya nasaba yake, na kuyaondoa ni kufuta historia. Lakini ile isiyoguswa nayo ni shahidi wa kiwanda, na shahidi huyo akiharibiwa kwa pambo la leo, hapatikani mwingine. Kwa hiyo mwenye nayo na aitunze kama alivyoipokea. Akilazimika kubadili, kila kipande cha asili na akihifadhi, ili mrithi wake aweze kukirudisha.