Fischer Alirudishwa, Lakini Mwamba Ni Wake

Wikendi ndefu ikifika tu najua nitaona nini kwa simu: baiskeli za kukodi, twiga kwa mbali, na ule mwamba umesimama pekee yake kama kidole. Hell's Gate. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, mat mpaka Naivasha halafu nduthi mpaka getini, na ni mojawapo ya mbuga chache Kenya ambapo unaruhusiwa kupita katikati ya pundamilia na nyati ukiwa kwa miguu ama baiskeli. Poa sana. Hata mimi hizo picha ninazo. Ila leo nataka tuongee kuhusu jina la huo mwamba, kwa sababu kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyonikasirisha.

Unaitwa Fischer's Tower. Fischer ni nani? Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani aliyeishi Zanzibar. Mwishoni mwa 1882 alitoka Pangani na msafara, akapita nchi ya Wamaasai akielekea ndani. Mwaka uliofuata akafika hapa Naivasha, na hapa ndipo Wamaasai walimwambia imetosha. Akarudi alikotoka. Stori ndiyo hiyo tu. Mtu alikatazwa njia, na mwamba wa hapohapo ukapewa jina lake. Ni kama timu ije kwenu, ipigwe, halafu uwanja wenu uitwe jina la hao waliopigwa.

Na mtu asikuambie ati alikuwa anatafuta njia ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuijua. Waswahili wa Pwani walikuwa wanapanda bara na misafara yao kutafuta pembe za ndovu miaka mingi kabla yake. Kufikia 1870 jarida la Royal Geographical Society kule London lilikuwa limechapisha njia za misafara hiyo, jinsi mtu wa Pwani aitwaye Sadi bin Ahedi alivyomsimulia misionari Thomas Wakefield. Halafu kuna Joseph Thomson, Mskoti aliyekuja mwaka huohuo wa 1883 na akafaulu kupita. Sehemu ya safari alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara kutoka Pangani. Mambo yakimwendea vibaya alijifanya mganga: anatoa meno yake ya bandia na kuyarudisha, anamwaga dawa ya tumbo kwa maji ili yatoe povu, watu washtuke. Hakufichua mtu mwingine, ni yeye mwenyewe aliandika kwenye kitabu chake cha 1885. Leo kuna swala anaitwa kwa jina la Thomson, na maporomoko ya Nyahururu pia. Jumbe Kimameta hana hata kijito.

Sasa linganisha na majina ya wenyewe. Lile korongo, ule ufa mwembamba wenye kuta ndefu ambao kila mtu anataka kushuka, kwa Kimaa ni Ol Njorowa. Naivasha ni Enaiposha iliyoharibiwa na ulimi wa mgeni, maana yake maji yanayochafuka kwa mawimbi, na ukiwahi kuwa kwa mashua pale jioni upepo ukianza utaelewa mara moja. Olkaria ni ule udongo mwekundu ambao wamorani wanajipaka. Majina hayo yanakuambia kitu kuhusu mahali ulipo. Hata mwamba wenyewe una stori yake: Wamaasai wanasema ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akakatazwa kuangalia nyuma, akaangalia, akageuka jiwe. Wataalamu wa miamba wanasema ni mabaki ya uji wa volkano ulioganda ndani ya koo la mlima, halafu mlima ukaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Mimi nachukua zote mbili.

Korongo nalo lilichongwa na maji. Leo Ziwa Naivasha halina mto wowote unaotoka, lakini miaka elfu tisa hivi iliyopita lilikuwa kubwa kuliko unavyoliona, likajaa, likamwagika upande wa kusini, na maji yakapitia hapo. Kwa hivyo ukiwa kule chini umesimama kwenye mdomo wa ziwa la zamani. Maji ya moto yanatoka ukutani, na mawe meusi yanayong'aa kama chupa ndiyo watu wa kale walichonga wakapata visu.

Lakini wasee, hiyo njia ya maji bado ni njia ya maji. Aprili 2012 vijana saba wa kikundi kimoja cha kanisa walisombwa na mafuriko humo ndani. Septemba 2019 watu wengine saba wakafa, akiwemo mwongozaji wa hapo hapo. Mvua inaweza kunyesha mbali kabisa, wewe uko kwenye jua unapiga selfi, halafu ukuta wa maji unakuja na hakuna mahali pa kupandia. Baada ya 2019 KWS ililifunga korongo. Uliza getini kabla hujapanga, na ukiambiwa leo hakuna kushuka, usianze kutafuta kijana wa kukupitisha kando.

Turudi kwa hao waliomrudisha Fischer, maana walifanywa nini baadaye ndiyo sehemu ambayo vibao vya mbuga havikuambii. Miaka ya 1890 tauni ya ng'ombe, ndui na ukame viliwapiga vibaya. Waingereza wakaja wakati huo. 1904 Olonana, laibon ambaye Wazungu walimwita Lenana, na viongozi wengine waliweka alama zao kwenye makubaliano yaliyowatoa Wamaasai Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, wakagawanywa nusu Laikipia na nusu kusini. Waliahidiwa kwamba ardhi hiyo mpya itakuwa yao maadamu kabila lao lipo. Ahadi haikumaliza miaka kumi. 1911 wakaambiwa Laikipia nako watoke. Wakaenda kortini, na hapa ndipo mimi huchoka kabisa: 1913 mahakama ikasema yale makubaliano ni mkataba kati ya Uingereza na taifa lingine, kwa hivyo korti haiwezi kuyaamua. Yaani ukitaka ardhi yao wewe ndiye mtawala wao, wakitaka haki wao ni wageni.

Hata hivyo kuna familia za Kimaasai zilizoendelea kuishi na kuchunga maeneo ya Olkaria. 1981 mtambo wa kwanza wa stima ya mvuke ukaanza kufanya kazi, megawati 15. 1984 mbuga ikatangazwa rasmi, kwa hivyo hayo mabomba unayolalamika kwamba yanaharibu picha yako yalitangulia mbuga yenyewe. Mimi sipingi stima ya Olkaria. Simu ninayoandikia hii inachajiwa nayo kwa sehemu. Lakini 2014, ili Olkaria IV ya megawati 140 ijengwe, vijiji vinne vilihamishwa, kimoja wapo kikiwa kile cha utamaduni kilichokuwa kinauzia watalii shanga na kuwachezea ngoma. Wenyeji walipeleka malalamiko mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi wapatanishwe. Fikiria: unahamishwa na serikali yako mwenyewe, karne nzima baada ya kuhamishwa na mkoloni, kutoka bonde lilelile.

Ndiyo maana kwangu jina si kitu kidogo. Najua mtu atasema watalii wanajua Hell's Gate na Fischer's Tower, ukibadilisha biashara itakufa. Mji wa Thomson's Falls ulibadilishwa ukawa Nyahururu na hakuna matatu iliyopotea njia. Sisemi tung'oe kibao cha zamani. Weka juu jina la Kimaa, weka chini mistari miwili: hapa 1883 Wamaasai walimzuia Fischer akarudi. Mtalii wa Ujerumani ataipenda hiyo stori kuliko ile ya sinema ya Tomb Raider tunayorudia kila siku.

Ukienda, lipa mwongozaji wa hapo, usimruke kwa sababu ya mia chache. Muulize majina kwa Kimaa na uyaandike vizuri kwa posti yako. Mwamba ule mwingine, wa ndani zaidi, unaitwa Ol Basta. Mpige picha pia, foleni yake ni fupi.