Diski, CD, Flashi: Historia ya Kufufua Kompyuta Kuukuu

Januari 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds alinunua kompyuta ya prosesa ya 386 yenye RAM ya megabaiti 4. Agosti mwaka huo akatangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, na akatahadharisha kuwa huenda usikubali kamwe diski za aina nyingine zaidi ya ile aliyokuwa nayo. Ndio huo ulioitwa Linux. Leo ndio unaokimbiliwa na watu wenye mashine ambazo watengenezaji wake walikwisha kuzitupa mkono.

Mwanzoni haukuwa kimbilio la yeyote. Slackware, toleo la Linux la Patrick Volkerding la Julai 1993, lilisambazwa kwa diski laini, zile za megabaiti 1.44 kila moja. Mtu alizitayarisha moja moja, akaziandika namba kwa kalamu, kisha akaanza kuilisha mashine: ingiza, subiri, toa, ingiza nyingine. Ikitokea moja ya mwishomwisho haisomeki, kazi ya jioni nzima imekwenda na maji. Aliyefanikiwa kumaliza alikutana na kioo. Programu ya XFree86 ilimtaka aandike mwenyewe masafa ya kioo chake, na maelezo yake yalionya kuwa namba mbaya ingeweza kukiunguza. Fundi wa leo anayelalamika kwamba Wi-Fi haisomi hajui alivyodekezwa.

Ahueni ililetwa na CD. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima uliowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski kuu. Wengi waliuona kama kiinimacho, lakini thamani yake ilikuwa kwenye kutafuta ugonjwa. Kompyuta mpakato inayoganda kila saa huenda ina diski mbovu, RAM mbovu, au Windows iliyojaa uchafu wa miaka. Ikiwashwa kwa CD na ikatulia, lawama inahamia kwenye diski au mfumo uliokuwamo. Ikiganda vilevile, fundi anachukua bisibisi. Desturi hiyo ya kujaribu kabla ya kufuta ipo hadi sasa, ila flashi imechukua nafasi ya CD.

Kwa Afrika Mashariki, mwaka wa kukumbukwa ni 2004. Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, na kampuni yake ikawa inawatumia watu CD bure kwa posta popote duniani. Huku kwetu jambo hilo halikuwa dogo. Nyaya za baharini za intaneti zilikuwa hazijafika. SEACOM iliwashwa Mombasa na Dar es Salaam Julai 2009, na kabla yake intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kujikokota. Faili la megabaiti 700 halikuwa kitu cha kupakua hivihivi kwenye kibanda cha intaneti. Sanduku la posta lilikuwa njia ya haraka zaidi, na CD moja iliyofika ilichomwa nakala, ikazunguka mikono mingi. Huduma hiyo ilifungwa Aprili 2011. Mwaka uleule wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili.

Mfumo ukishaingia, matatizo huhamia kwenye vifaa. Wi-Fi ilisumbua kuliko vyote. Chipu za Broadcom zilijaa kwenye mipakato, nazo kwa miaka hazikuwa na draiva rasmi iliyo huria. Watu walitumia ndiswrapper, programu iliyobeba draiva ya Windows na kuiendesha ndani ya Linux. Kampuni ilitoa draiva huria kwa chipu zake mpya Septemba 2010. ThinkPad za enzi hizo zilikuwa na kizuizi chao: ukibadilisha kadi ya Wi-Fi kwa ambayo haimo kwenye orodha ya mtengenezaji, mashine inagoma kuwaka na kuonyesha kosa namba 1802. Kadi nzima, nafasi yake ipo, na bado haikubaliki.

Kisa cha Pentium M kinashangaza zaidi. Prosesa hii ya 2003 ilibeba mipakato mingi mizuri, ikiwemo ThinkPad T40. Ilikuwa na uwezo uitwao PAE, unaoiwezesha prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu kubwa zaidi, lakini matoleo yake ya awali hayakuutangaza kwa mfumo. Ubuntu ilipoacha kerneli (kiini cha mfumo) zisizo na PAE mwaka 2012, mashine hizo zilikataliwa mlangoni kwa kukosa kitu ambacho wahandisi wake walikiweka tangu siku ya kwanza. Dawa ilikuja na toleo la 14.04: kuandika neno moja, forcepae, kwenye mstari wa kuwashia. Neno moja, na mpakato wa miaka kumi na moja ukaendelea na kazi. Hapo ndipo inapoonekana kuwa uzee wa kompyuta mara nyingi hupangwa ofisini, chuma kikiwa bado kizima.

Mwaka huohuo wa 2012 ilikuja Windows 8, na pamoja nayo Secure Boot, ulinzi unaokagua saini ya kila kinachotaka kuiwasha mashine. Tangu hapo, kazi ya kwanza ya fundi ikawa kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, kwa F2 au kitufe kingine kutegemea mtengenezaji, na mara nyingi kuuzima ulinzi huo. Matoleo makubwa ya Linux yalipata saini inayokubalika. Madogo yanayopendwa kwa mashine dhaifu, mengi hayana.

Kisha ukaja mwaka 2025. Agosti 9 Debian ilitoa toleo la 13 lisilo na kisakinishi cha prosesa za biti 32. Oktoba 14 Microsoft ikasitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, huku Windows 11 ikidai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kuziacha nje karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane cha 2017. Mipakato ya kizazi cha sita na cha saba, yenye RAM ya gigabaiti 8 na kioo kisicho na mkwaruzo, sasa inauzwa mtumba kwa bei ya kutupa, na mnunuzi anaulizwa dukani kama awekewe Linux kabla hajaondoka.