Kutu Inayolinda Bunduki: Miaka 90 ya Kitabu Kilichofichua Siri za Mafundi

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 90 tangu R. H. Angier atoe nchini Marekani kitabu chake *Firearm Blueing and Browning*, kinachohusu jinsi ya kutia chuma cha bunduki rangi ya kahawia, ya buluu na nyeusi. Mchapishaji wake alikuwa Thomas G. Samworth wa North Carolina, aliyejitolea kuchapa vitabu vya silaha na ufundi wake wakati wachapishaji wakubwa hawakuyajali mambo hayo. Si kitabu cha hadithi. Ni mkusanyiko wa kanuni: tindikali gani, kiasi gani, saa ngapi za kusubiri. Hata hivyo ndicho kilichomwezesha mkulima mwenye bunduki ya babu yake iliyochakaa kufanya mezani kwake kazi ambayo kwa vizazi vingi mafundi walikuwa wakiwaficha hata wasaidizi wao. Historia ya kazi hiyo kwa kawaida husimuliwa kama safari ya maendeleo: zamani watu walihangaika na kutu kwa wiki nzima, kisha zikaja chumvi za moto zinazomaliza kazi kwa nusu saa, na leo kuna dawa ya chupa ya dakika chache. Nadhani masimulizi hayo yamepinda. Njia ile ya polepole haikushindwa kwa ubora. Iliachwa kwa sababu haikukifaa kiwanda, na bunduki nyingi nzuri za kuwindia zimeharibika kwa sababu watu walidhani kinachokifaa kiwanda kinafaa kila mahali.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Chuma kikiachwa kwenye unyevu hushika kutu nyekundu, na kutu hiyo hula chuma bila kukoma kwa sababu ni legelege na hupitisha maji. Lakini kutu hiyohiyo, ikiwa changa na nyembamba, ikichemshwa katika maji safi hugeuka kuwa aina nyingine ya oksidi, magnetaiti, iliyo nyeusi na iliyoshikamana na chuma chenyewe. Fundi basi hulisha chuma kutu kwa makusudi. Husugua mtutu kwa msasa mpaka ulainike, huondoa kila chembe ya mafuta, hupaka dawa nyembamba ya tindikali yenye chuma kilichoyeyushwa ndani yake, kisha hutundika mtutu ndani ya sanduku lenye unyevu. Baada ya saa kadhaa kutu inakuwa imeota kama manyoya ya kahawia. Mtutu huchemshwa, manyoya hugeuka meusi, na fundi huyafuta kwa nyuzi laini za chuma mpaka libaki lile tabaka lililoshika. Kisha huanza upya. Mara 6, mara 8, wakati mwingine zaidi. Asiyechemsha hubaki na rangi ya kahawia. Anayechemsha hupata weusi wenye ubuluu wa mbali, laini usiomulika machoni, unaonyonya mafuta vizuri. Maarifa ya kazi hii yote yamo katika kujua lini kutu imetosha na lini imezidi, maana ikizidi huacha vidonda visivyofutika.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko kitabu cha Angier. Bunduki za Baker walizopewa wapiga shabaha wa jeshi la Uingereza kuanzia 1800 zilikuwa na mitutu ya kahawia ili isimulike juani na kumfichua askari. Huko Birmingham na Liège, katika karne ya 19, kutia mitutu rangi ilikuwa kazi inayojitegemea, hasa kwa mitutu ya Damascus iliyosukwa kwa kusokota pamoja vipande vya chuma na pua. Tindikali ilitia kila kimoja rangi kwa namna yake, na mistari ya msokoto ikajitokeza kama ukili wa mkeka. W. W. Greener, mtengeneza bunduki wa Birmingham, aliigusia kazi hiyo katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mara ya kwanza 1881. Lakini karakana nyingi zilizishika kanuni zao kama mganga anavyoshika mizizi yake, na kanuni nyingine ziliandikwa kwa majina ya kale ya dawa kiasi kwamba hata aliyezipata hakujua anunue nini.

Hapo ndipo Marekani ya miaka ya 1920 na 1930 inapoingia. Clyde Baker alitoa kitabu cha ufundi wa bunduki mwaka 1928, naye James Virgil Howe akatoa chake cha majuzuu mawili mwaka 1934. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Hata Parker Brothers wa Connecticut, waliosifika kwa bunduki za marisau za mitutu miwili, walinunuliwa na Remington mwaka 1934. Asiyeweza kununua bunduki mpya alikuwa na kila sababu ya kuitunza ya zamani, na njia ya kutu ilimfaa kwa sababu haikutaka mtambo wowote: chombo cha bati cha kuchemshia, sanduku la mbao, kitambaa na subira. Angier alikuja juu ya msingi huo, akafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya kwa upana huo. Alizipanga kanuni za kale pamoja, akazitazama kwa jicho la kemia, na siri ya karakana ikawa maarifa yanayoweza kupimwa na kurudiwa. Hiyo ndiyo hatua kubwa katika historia hii, wala haikuwa ya mtambo. Ilikuwa ya maandishi.

Miaka ileile viwanda vilikuwa vinahama. Njia mpya, ile ya chumvi za moto, ilikuwa kuzamisha chuma katika mchanganyiko wa kostiki soda na naitreti, uliochemshwa mpaka nyuzijoto 140 hivi za selsiasi. Ndani ya nusu saa chuma hutoka cheusi tititi, na birika moja humeza mitutu kadhaa kwa pamoja. Kwa kiwanda hili ni jambo la kufurahia, na kwa bunduki ya kisasa ya mtutu mmoja njia hii haina kasoro kubwa, nisingependa kuisingizia. Ugomvi uko kwenye bunduki ya mitutu miwili. Mitutu yake haikutengenezwa kwa kipande kimoja. Imeunganishwa kwa vibao vyembamba vya chuma, kimoja juu na kimoja chini, vilivyoshikwa kwa lehemu ya bati na risasi. Wengi hudhani kinachoharibu ni joto, na wanaolitetea birika hujibu, kwa haki, kwamba lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, mbali juu ya joto la chumvi. Jibu hilo ni sahihi kwa hesabu na ni kosa kwa kemia. Kostiki soda haina haja ya kuiyeyusha lehemu kwa moto, huila. Bati na risasi ni metali zinazoliwa na magadi makali, na mtutu ulioingia birikani ukiwa imara unaweza kutoka vibao vikiwa vimeachia, au, vibaya zaidi, ukatoka ukionekana mzima huku chumvi imejificha ndani ya uwazi ulio kati ya mitutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, hutambaa nje baada ya miezi, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachofika. Mwenye bunduki huona mstari mweupe kando ya kibao, naye haelewi umetoka wapi.

Linganisha sasa na maji ya kuchemka. Yana nyuzi 100, hayana magadi, wala hayana ugomvi na lehemu. Njia ya kale ya kutia buluu kwa kuchoma chuma, ambayo hufika karibu nyuzi 300, nayo ingeyeyusha lehemu mara moja, na ndiyo maana watengenezaji wa Uingereza waliitumia kwa vipande vidogo na kuiachia kutu kazi ya mitutu. Hawakuchagua polepole kwa kukosa akili ya haraka. Walikuwa na njia kadhaa mbele yao, wakachagua inayopatana na bunduki jinsi ilivyojengwa. Bunduki za mitutu miwili zilizobebwa na wawindaji kutoka Nairobi, kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977, nyingi zilitoka katika karakana za Kiingereza zenye desturi hiyohiyo.

Dawa ya baridi ya chupa ndiyo imewavuta wengi zaidi tangu vita vya pili vya dunia. Kampuni za Brownells ya Iowa, iliyoanza 1939, na Birchwood Casey ya Minnesota, iliyoanza 1948, ziliifanya ipatikane kwa posta na madukani. Kwa mkwaruzo mdogo inafaa. Lakini anayetaka kutia rangi bunduki nzima ajue anachonunua. Dawa nyingi za namna hii hutumia misombo ya seleniamu na shaba, na weusi wake hauzaliwi na chuma chenyewe. Ni utando uliowekwa juu yake. Huchakaa haraka mahali mkono unaposhika, na hauzuii kutu kama oksidi iliyoota. Kuiita njia ya kisasa ya kazi ileile ni kuchanganya vitu viwili tofauti.

Kuna pingamizi linalostahili heshima zaidi kuliko hoja ya kasi, nalo linatoka kwa wakusanyaji. Wao husema bunduki ya zamani isiguswe kabisa: rangi iliyofifia ni ushahidi, na anayeisugua anafuta historia pamoja na thamani yake sokoni. Kwa bunduki adimu iliyobaki na rangi yake ya kiwandani nakubaliana nao moja kwa moja. Tena kusugua kuna hatari ya kweli. Kuta za mtutu wa marisau ni nyembamba, na kila vidonda vinapofukuzwa kwa tupa na msasa chuma hupungua, alama za ukaguzi hufifia, mpaka mtutu unafika unene usiofaa tena kupigwa. Lakini bunduki nyingi hazimo makabatini mwa wakusanyaji. Ni bunduki za kazi, zimeshikwa na mvua na jasho, rangi yake ilikwisha zamani, na kutu nyekundu inaendelea kula. Kuiacha hiyo kwa jina la historia ni kuiachia historia ioze.

Pingamizi la pili ni sumu. Kanuni za kale zina mambo yasiyopaswa kurudiwa: kloridi ya zebaki, inayoua, ilitiwa bila woga pamoja na mrututu na tindikali ya naitriki. Hili si kosa la njia, ni kosa la enzi. Kutu huota vizuri bila zebaki, na dawa za leo za kutu zinazouzwa tayari zimethibitisha hivyo. Birika la kostiki nalo si salama kwa sababu tu ni la karibuni. Tone la maji baridi likiangukia chumvi iliyofika nyuzi 140 hulipuka usoni mwa aliye karibu.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia. Kazi ya kutu imebaki kwa mafundi wachache wa bunduki za thamani na kwa watu wa majumbani wenye subira. Marekani humruhusu mtu kutia rangi bunduki yake mwenyewe, ingawa anayefanya hivyo kama biashara hana budi kuwa na leseni. Kwetu, iwe ni gobore la urithi au bunduki ya kiwandani, sheria ya silaha hutangulia ufundi: haimilikiwi bila leseni, na hakuna fundi wa kuigusa kabla karatasi zake hazijakaa sawa. Aliye na bunduki ya mitutu miwili iliyosajiliwa kihalali, na anayetaka kumpelekea fundi airudishie rangi, amuulize swali moja kabla ya kuikabidhi: mitutu itachemshwa kwenye maji au kwenye chumvi? Akijibiwa chumvi, arudi nayo nyumbani.