Vinanda Viwili vya Mlimani

Kila inapofika Oktoba 3, nyimbo za Joseph Kamaru husikika kwa wingi kuanzia Thika hadi Nanyuki. Ni siku aliyofariki, mwaka wa 2018. Magazeti humwita mfalme wa muziki wa Kikuyu, huchapisha picha yake akiwa na gita, kisha humrudisha kabatini hadi mwaka unaofuata.

Mwaka huu sikutaka kuandika tanzia nyingine. Gita la Kamaru linajulikana. Kisichojulikana, hasa kwa vijana waliozaliwa baada ya kanda kuondoka madukani, ni chombo kilicholitangulia gita hilo na kuwafundisha watu wa mlimani, yaani eneo la Mlima Kenya, kucheza wawili wawili: akodioni. Nikapanda matatu hadi Karatina kumtafuta mtu ambaye bado anakipiga.

Nilielekezwa kwa mwalimu mstaafu anayeishi juu kidogo ya mji, kwenye mteremko wa kahawa na migomba. Aliomba jina lake lisiandikwe, na kijijini kwao hakuna anayelitumia. Kila mtu humwita Mwalimu. Aliinama, akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda, akafungua kitambaa cha fulana kuukuu. Akodioni ilikuwa nyeusi, mvukuto wake una viraka viwili vya ngozi, na vifungo vyake vimegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Alipovaa mkanda begani na kufungua mvukuto, kilichotoka kwanza ni pumzi. Sauti ilifuata.

Ndani, alinieleza, kuna ndimi nyembamba za chuma. Upepo wa mvukuto ukipita, ulimi unatetema. Katika akodioni ya aina hiyo kifungo kimoja hutoa sauti mbili: moja ukisukuma, nyingine ukivuta. Kisha akanyoosha kidole dirishani, kuelekea kanisa lililo ng'ambo ya bonde. Kinanda kilichokuwa mle ndani enzi zake, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilikuwa na ndimi za chuma vilevile. Vinanda hivyo viwili, alisema, ni watoto wa tumbo moja. Kimoja kilibatizwa, kingine kikapelekwa baa.

Sentensi hiyo ndiyo niliyotoka nayo Karatina, na nadhani imebeba sehemu kubwa ya historia ya muziki wa mlimani.

Akodioni si ya kwetu kwa asili. Mtengenezaji vinanda Cyrill Demian alisajili hataza yake mjini Vienna mwaka wa 1829, na baadaye viwanda vya Ujerumani, vikiwemo vya Hohner, vilivisambaza vyombo hivyo duniani kote. Kwetu, simulizi nyingi huzitaja njia mbili: wanaume waliokwenda vitani wakarudi na ngoma za kigeni miguuni, na vijana waliofanya kazi katika mashamba na nyumba za walowezi, wakiwatazama mabwana wakicheza dansi za Kiingereza na Kiskoti. Walichokiona walikichukua, wakakigeuza.

Ikawa mwomboko. Wachezaji husimama wawili wawili, mwanamume na mwanamke, wakapiga hatua mbili, wakainama, wakageuka. Mtazamaji wa Ulaya angeona dansi ya ukumbini kwake. Lakini maneno ni ya Kikuyu, mafumbo ni ya Kikuyu, na juu ya akodioni hulia karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa na kukwaruzwa kwa kipande kingine cha chuma. Bila karing'aring'a, Mwalimu alisisitiza, mwomboko ni maji ya moto yasiyo na majani ya chai.

Watu wa mlimani hawakuwa mikono mitupu walipokipokea chombo hicho. Walikuwa na wandindi, fidla ya uzi mmoja. Walikuwa na coro, baragumu la pembe, na mutururu, filimbi. Walikuwa na gicandi, kibuyu kilichochorwa alama, ambacho malenga wawili walijibizana nacho mbele ya watu sokoni. Mapadri wa Consolata walivutiwa na mambo hayo mapema. Kitabu cha Padri Cagnolo kuhusu Wakikuyu kilitoka mwaka wa 1933 katika matbaa ya misheni mjini Nyeri, na baadaye Padri Merlo Pick akaandika kuhusu vitendawili na gicandi. Akodioni iliingia katika nyumba iliyokwisha kuwa na wenyewe.

Kinanda cha pili, kile kilichobatizwa, kilikaa kanisani na shuleni. Waskoti walijenga misheni Tumutumu, karibu na Karatina, mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo wimbo ulikwenda sambamba na kalamu. Aliyejua kusoma alijua tenzi, na aliyejua tenzi akawa mwalimu. Hata hivyo, tuni za tenzi hazikutulia kanisani. Kabla na wakati wa vita vya Mau Mau zilivishwa maneno ya ardhi na uhuru, zikaimbwa mbele ya wakubwa wasioelewa kinachoimbwa. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, alikuwa mmoja wa waliotoa vijitabu vya nyimbo hizo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, alikamatwa, akakaa kizuizini miaka mingi. Shajara yake ya kizuizini ilimletea Tuzo ya Noma mwaka wa 1984.

Uhuru ukaja, sahani za santuri zikaja, gita likaja. Kamaru, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, alianza kurekodi katika miaka ya 1960, mara nyingi akiimba na dada yake, Catherine Muthoni. Alipiga gita, akapiga akodioni, na mwomboko hakuuacha. Aliunda bendi, Kamaru Super Stars, na badala ya kuwa kibarua wa kampuni za sahani akafungua duka na lebo zake mwenyewe Nairobi. Leo msanii anayejitegemea huonekana mtu wa kisasa. Wazee wa mtaa wa River Road, Nairobi, walijitegemea zamani, sahani zikiwa zimepangwa nyuma ya kaunta.

Hapo ndipo Mwalimu aliposimamisha mvukuto na kuniambia niandike vizuri, maana sasa tumefika kwenye ugomvi.

Kamaru alitoa wimbo uitwao Ndari ya Mwarimu, yaani kipenzi cha mwalimu. Unamhusu msichana wa shule na mwalimu anayemtaka. Leo jambo hilo tunalisoma magazetini kila muhula. Katika utawala wa Mzee Jomo Kenyatta, kulisema hadharani, kwa gita, ndani ya baa, kulikuwa kama kumvua nguo mtu mzima sokoni. Mwalimu wa enzi hiyo hakuwa mfanyakazi tu. Ndiye aliyekisomea kijiji barua, aliyejaza fomu za mikopo, aliyeongoza kwaya, aliyeketi mbele kwenye harusi. Alikuwa mtoto wa misheni aliyevaa viatu. Sasa mtu asiye na cheti cha ualimu, mwenye gita, anamwambia: tunakuona.

Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kilikasirika hadi kikatishia mgomo. Mwenyeji wangu alikuwa kijana mwenye chaki mfukoni wakati huo. Anakumbuka chumba cha walimu kikiwaka moto: wengine wakitaka sahani ile ipigwe marufuku, wengine wakitaka mwimbaji ashtakiwe, na wengine, wachache, wakiwa kimya kupita kiasi. Yeye alikuwa ameinunua. Aliificha chini ya daftari la mahudhurio hadi Ijumaa, akaipeleka nyumbani kwa ndugu yake mwenye santuri.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa maneno ya chama wala ya magazeti. Kilikuwa mluzi. Akipita baina ya madawati akisahihisha hesabu, nyuma yake tuni ile inapigwa kwa mluzi mdogo, vipande viwili tu. Akigeuka, anaona vichwa arobaini vimeinamia madaftari. Hakumchapa mtu. Angemchapa kwa kosa gani, kwa kujua wimbo ambao mwalimu mwenyewe alikuwa nao nyumbani?

Nilimuuliza alikuwa upande gani. Alinyamaza, akabonyeza vifungo bila kufungua mvukuto, kama anayehesabu. Jumapili alikuwa mpigaji wa kinanda kanisani. Wakati wa likizo alipiga akodioni kwenye sherehe za vijiji vya jirani, jambo lililomfanya azuiwe mara mbili kushiriki Meza ya Bwana. Alikuwa mwalimu, na alikuwa mtu wa mwomboko. Ugomvi wa Kamaru na walimu ulipita katikati ya kifua chake. Lakini alijua, na wenzake walijua, kwamba wasichana walikuwa wakiacha shule na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wimbo uliuliza.

Mimi sina kigugumizi katika hili. Kamaru alikuwa sahihi, na alitangulia nchi nzima kwa miongo. Mwaka wa 2010, Tume ya Huduma kwa Walimu ilitoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Kufikia hapo, wasichana walioimbiwa na kaka zao wimbo ule kwa mluzi walikuwa na wajukuu. Mara nyingi tunamsifu mwanamuziki kwa kutuchezesha na kusahau kwamba alisema mapema yale ambayo ofisi zilikuja kuyaandika kwa mihuri.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1975, mbunge J.M. Kariuki, ambaye asili ya wazazi wake ni Chinga, Nyeri, alipouawa, Kamaru alimwimbia maombolezo ambayo hayakuwafurahisha waliokuwa na mamlaka. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o naye aliupandisha mwomboko jukwaani katika kijiji cha Kamirithu mwaka wa 1977, katika mchezo wa kuigiza Ngaahika Ndeenda, na serikali ikaufunga mchezo huo wiki chache baadaye. Ngugi mwenyewe akatiwa kizuizini, na akiwa gerezani Kamiti mwaka uliofuata aliandika, kwenye karatasi za chooni, riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Ndani yake yumo Gatuiria, mtunzi anayeota utungo mmoja mkubwa ambamo ala za jadi za Wakenya na ala za kigeni zitalia pamoja. Wahakiki huizungumzia kama ndoto. Mlimani, kila mzee aliyewahi kucheza hatua mbili na kuinama anajua kwamba sehemu ya ndoto hiyo ilikwisha kutimia, kwenye vumbi, kwa akodioni moja na pete ya chuma.

Mwaka wa 1993 Kamaru aliacha nyimbo za kidunia akaingia kwenye injili. Wengi walimlaumu. Mwalimu alifurahi, si kwa sababu ya wokovu peke yake: aliona kana kwamba ndugu wawili wa tumbo moja wameketi meza moja hatimaye.

Baada ya hapo likaja wimbi la mugithi, mtu mmoja na gita lake la umeme, wachezaji wakishikana viuno kama mabehewa ya treni iliyoupa muziki huo jina. Mwimbaji John De'Mathew, naye wa muziki wa Kikuyu, alitutoka Agosti 2019. Mjukuu wa Kamaru, anayejulikana kama KMRU, anatunga muziki wa elektroniki unaosikilizwa Berlin na kwingineko, na amefanya kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu yake. Tumshukuru. Lakini iweje kazi ya kuhifadhi sauti ya mlima mzima iwe mzigo wa mjukuu mmoja aliye ng'ambo?

Zanzibar wanacho Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako kijana anaweza kufundishwa taarab kwa udi, kanuni, fidla na akodioni. Kimeyumba kifedha, lakini kipo. Mimi sijaona darasa la namna hiyo Nyeri, Murang'a wala Kerugoya. Mwomboko tunaukumbuka wakati wa tamasha za shule na sikukuu za taifa, wazee wanapovalishwa fulana zinazofanana, wanacheza dakika tano mbele ya mgeni rasmi, kisha wanapewa soda. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni. Hatuombi jumba la sanaa la mabilioni. Chumba kimoja, akodioni sita, mafundi wawili wa kuzitengeneza na wazee wanaolipwa kufundisha vingetosha kuanzia.

Fundi ndiye anayehitajika haraka zaidi. Kabla sijaondoka, Mwalimu alinipigia wimbo mmoja mzima. Kifungo kimoja cha upande wa kulia kimekufa. Ulimi wake wa chuma ulikatika miaka iliyopita, na Karatina yote hajapata wa kuurudishia. Wimbo ulipofika kwenye noti ile, kidole chake kilibonyeza kama kawaida, kifungo kikanyamaza, naye akaiimba noti hiyo kwa mdomo, kwa urefu wake kamili, kisha vidole vikaendelea. Noti hiyo ilirudi mara nyingi, na kila iliporudi aliijaza mwenyewe. Ana miaka zaidi ya 80.