Habari za Chombo cha Maji Safarini na Vitani

Katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1851 mtu mmoja alikuwa akipenya peke yake katika nyika ya Ukambani, naye amechukua bunduki isiyo na risasi wala baruti. Bunduki ile ilikuwa imejaa maji. Mtu huyo ni Dkt. Ludwig Krapf, yule aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kisha akakaa Rabai. Alikuwa amefuatana na Kivoi, mkuu wa Wakamba, wakiuelekea mto Tana. Njiani wakashambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki hana mwenzi, wala chakula, wala kibuyu. Kiu ikamshika sana. Alipoufikia mto akanywa hata akashiba, ndipo akajiuliza atachukua maji kwa kitu gani. Akaijaza ala ya ngozi ya darubini yake. Kisha akaijaza na mitutu ya bunduki, akaziba midomo yake kwa majani na vipande vya nguo alivyovikata katika suruali yake.

Akili hiyo ilikuwa njema, ila vizibo vilikuwa vibaya. Alipokuwa akipita vichakani, matawi yakavinyofoa, na maji ya mtutuni yakamwagika. Hata baadaye, kiu ilipokuwa imemlemea tena, alisikia kelele za nyani katika mkondo mkavu, akafurahi, maana alijua ya kuwa penye nyani bondeni hapakosi maji. Akawafuata, akakuta shimo walilolifukua mchangani. Safari hii aliifunga baruti yake katika leso, akatia maji hata ndani ya pembe ya baruti.

Nimeanza na habari hii kwa sababu majeshi makubwa, yenye maofisa waliosoma, yalichukua karibu miaka mia kujifunza yale aliyojifunza mtu huyu kwa siku chache. Silaha yaweza kungoja, maji hayangoji. Na chombo cha maji hupimwa kwa tumbo lake na kwa mdomo wake pia.

Zamani za misafara, watu wa pwani waliokwenda Taita, Taveta na Uchaga walivuka nyika ya Taru. Maji yalipatikana katika mashimo ya mawe yaitwayo ngurunga, kama mvua imenyesha. Isiponyesha, hapana kitu. Basi msafiri alichagua baina ya kibuyu na kiriba. Kibuyu ni chepesi, hakina gharama, na maji yake hukaa baridi. Lakini kibuyu kipya hutia maji uchungu (sisi tuliolelewa penye ukame twaujua, tena twajua jinsi mama zetu walivyokijaza na kukimwaga siku kwa siku hata kikatulia), na kikianguka juu ya jiwe habari yake imekwisha. Kiriba, ambacho wasomaji wamekijua tangu habari za Hajiri jangwani, hakivunjiki. Maji yakiisha hukunjwa kikawa kama nguo. Tena hutoa jasho kidogo, na upepo ukikipiga maji ya ndani hupoa. Aibu yake ni harufu ya ngozi, na mwiba, na ugumu wa kukisafisha ndani. Naomba msomaji azishike aibu hizo, kwa maana tutakutana nazo tena mbele.

Vita Vikuu vilipokuja, tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliitwaa Taveta, wakaishika hata Machi 1916. Kati yao na reli ya Uganda ilikuwako nyika ile kavu. Katika mwaka wa 1915 walituma doria ndogo ndogo, Wazungu pamoja na askari Waafrika, kwenda kutega baruti chini ya reli. Huo ulikuwa mwendo wa siku kadhaa, kwenda na kurudi, na maji yao yalikuwa yale waliyoyachukua wenyewe. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, katika kumbukumbu alizozitoa baada ya vita, asimulia mateso ya kiu waliyoyapata watu hao, hata wengine wakanywa mkojo wao. Wako waliopotea, na wako waliokamatwa na adui hali wamekwisha nguvu.

Na chupa walizokuwa nazo zilikuwaje? Chupa ya askari wa Kijerumani ilikuwa ya alumini, madini yale ya sufuria zetu, imevikwa sufu nene iliyoshindiliwa, nayo ilichukua maji pungufu ya lita moja. Ni nyepesi, haishiki kutu, ikipigwa hubonyea tu. Chupa ya Mwingereza ilikuwa ya chuma kilichotiwa enameli, kama vikombe vya bati tunavyonyweshea wageni chai. Nayo ilivikwa sufu, kizibo chake ni cha gome laini, kimefungwa kwa kamba kisipotee, na tumbo lake lilichukua painti mbili, yaani lita moja na kidogo. Enameli ikibanduka, kutu huingia. Kwa maoni yangu, ya Mjerumani ilikuwa bora kwa ufundi na ya Mwingereza bora kwa kipimo. Lakini penye nyika ya Taveta hakuna hata moja iliyotosha.

Na tufanye hesabu kama tufanyavyo shuleni. Mtu atembeaye juani penye nchi kavu, tena na mzigo, huhitaji galoni moja kwa siku, yaani lita 4 na nusu. Painti mbili ni robo ya galoni. Hizo robo tatu zitatoka wapi? Utasema, zitachukuliwa na wapagazi. Haya, mpe mpagazi debe la galoni 4. Maji peke yake ni ratili 40, bila uzito wa debe, na huo wakaribia kuwa mzigo mzima wa mtu. Lakini mpagazi naye ni mtu, hunywa galoni moja kwa siku. Akienda siku mbili na kurudi siku mbili, amelinywa debe lote mwenyewe, wala hakumpa askari hata tone moja. Umpe na wapagazi wenzake mia, jibu ni lile lile.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozibana doria za Wajerumani, na ndiyo iliyowalazimisha Waingereza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta. Kazi ilianza mapema mwaka wa 1915, ikafika Maktau katikati ya mwaka huo, na maji yakaletwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia Taveta mwezi wa Machi 1916, lilikuwa limetanguliwa na mafundi wa mabomba na wajenzi wa reli, ambao hakuna aliyewatungia nyimbo.

Baada ya hapo vita viliteremka kusini, penye mito na mvua. Kiu ikapungua, hatari nyingine ikaja. Wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi, hasa kuhara damu. Mtu aliyechoka, amenyeshewa, hana kuni kavu wala chombo cha kuchemshia, hunywa maji anayoyakuta. Kwa hiyo chombo kinachoweza kutiwa motoni ni zaidi ya chombo cha kuchukulia. Wamarekani waliliona jambo hili walipotengeneza chupa yao ya mwaka 1910. Chini yake waliipachika kikombe cha alumini, chupa ikikaa ndani yake, ili askari apate birika na kikombe pasipo kuongeza mzigo mwingine.

Katika vita vya pili lile debe letu likapata aibu mbele ya dunia. Waingereza waliopigana katika jangwa la Misri na Libya walichukua mafuta na maji katika mabati membamba ya galoni 4, ndugu wa debe tulijualo nyumbani. Debe ni zuri kwa mama aendaye kisimani na kurudi. Lakini lipakie juu ya motokaa, lipige mawe siku nzima, nalo litafunguka katika maungio yake. Maji na mafuta yalimwagika mchangani kwa wingi wa kusikitisha. Wajerumani walikuwa na chombo kingine, walichokibuni miaka michache kabla ya vita. Ni kopo la lita 20, la vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa pamoja, lenye mishikio mitatu, hata mtu mmoja aweza kuchukua manne matupu, mawili kila mkono, au watu wawili wakashirikiana kulibeba moja lililojaa. Kifuniko chake hufungwa kwa kibano, wala hakipotei. Yale ya maji yaliwekewa alama ya msalaba mweupe, asije mtu akanywa petroli. Waingereza walipoyateka waliyapenda kuliko yao wenyewe, hata wakaanza kuyaiga. Na jina lake la Kiingereza, jerrycan, latokana na jina la utani walilowapa Wajerumani.

Lakini kosa kubwa kuliko la mabati lilikuwa katika vichwa vya maofisa. Kwa muda mrefu walisadiki ya kuwa askari aweza kuzoezwa kiu, kama mtoto azoezwavyo kuamka mapema. Basi waliwakataza watu kugusa chupa mpaka jioni, wakaiita adabu ya maji. Katika miaka ya vita vya pili mtaalamu wa Marekani, E. F. Adolph, na wenzake waliwapima watu katika jangwa la California, wakatoa kitabu chao mwaka wa 1947. Waliona ya kuwa mwili hauzoei kukosa maji. Jasho hutoka vile vile, mtu amekunywa au hakunywa, na katika jua kali akifanya kazi hutoka kama lita moja kwa saa, au zaidi. Tena waliona ya kuwa mtu mwenye maji tele hunywa pungufu ya yale aliyoyapoteza, asijue. Askari aliyeanguka na chupa iliyojaa kiunoni hakuwa na adabu yoyote, alikuwa amedanganywa. Wengine baadaye wakapita kiasi upande wa pili, wakawalazimisha vijana kunywa na kunywa, hata chumvi ya damu ikapungua mno na wengine wakafa. Kwa hiyo mwaka wa 1998 jeshi la Marekani liliweka mpaka: isizidi kama lita 1 na nusu kwa saa.

Chupa za plastiki zilienea katika jeshi hilo miaka ya 1960. Ni nyepesi, hazilii zikigonga jiwe, jambo kubwa kwa mtu anayejificha. Lakini haziwekwi motoni. Kisha mwaka wa 1989, huko Texas, mtu mmoja aitwaye Michael Eidson, aliyekuwa mhudumu wa wagonjwa wa dharura, aliingia katika mashindano ya baiskeli penye joto kali. Akachukua mfuko wa maji wa hospitali pamoja na mrija wake, akautia katika soksi, akaufunga mgongoni, akanywa pasipo kuachia usukani. Kutoka hapo ukatokea mfuko wa mgongoni ambao majeshi mengi huutumia sasa, wa lita 2 au 3, wenye mrija upitao begani na kidomo kinachofunguka kikiumwa na meno.

Tazama sasa, kiriba kimerudi! Sifa zake ni zile zile, na aibu zake ni zile zile. Hukunjwa, hakivunjiki, mikono hubaki huru, na mtu hunywa kidogo kidogo kama Adolph alivyotaka. Lakini mwiba hukitoboa, na mwenye kukivaa haoni kimebaki kiasi gani mpaka mrija unyonye hewa. Kwa hiyo mimi ningemshauri aendaye porini kwa kazi ya kiaskari au ya ulinzi wa wanyama achukue vyote viwili: mfuko mgongoni wa kunywea njiani, na kiunoni chupa ya chuma ya ukuta mmoja, yenye mdomo mpana na kizibo kilichofungwa kwa mnyororo, iwe akiba na birika. Ile ya kuta mbili itunzayo baridi asiitie motoni kamwe, hata ikiwa wazi, maana yaweza kupasuka.

Na mfuko wataka kazi kila jioni. Usitiwe maziwa wala maji ya sukari, maana ukungu huota ndani ya mrija mahali pasipoonekana. Huoshwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni kidogo, mrija hupitishwa burashi ndefu nyembamba, kisha vyote huning'inizwa wazi, midomo chini, kijiti kikiwekwa ndani ya mfuko ili kuta zake zisishikane kabla hazijakauka.