Nyani wa Masai Mara na kemia ya unyonge

Ukisikia neno "msongo" leo, pengine unafikiria mitihani, kodi ya nyumba au bosi. Kisayansi, habari hii ilianza na panya. Mwaka 1936, huko Montreal, Hans Selye alichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Aliwaweka panya kwenye baridi, akawajeruhi, akawachosha, akawapa sumu kidogo. Chanzo kilikuwa tofauti kila mara, lakini mwili ulijibu vilevile: tezi za adrenali, zinazokaa juu ya figo, zilikua, na tumbo likapata vidonda.

Tezi hizo hutoa homoni. Kwetu binadamu, na kwa nyani pia, iliyo kuu kati ya homoni za msongo ni kortisoli. Simba akikukimbiza, kortisoli ni rafiki yako: inasaidia kuweka sukari kwenye damu na kuahirisha mambo yanayoweza kusubiri, kama uzazi na ukuaji. Shida inakuja pale simba ameshaondoka lakini homoni haijashuka.

Mwaka 1968, Bruce McEwen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba homoni ya aina hii huingia kwenye ubongo wa panya na kunasa hasa kwenye hipokampasi, sehemu muhimu kwa kumbukumbu. Kumbe ubongo hautoi amri tu. Nao unaguswa na homoni zilezile unazoziamrisha.

Sasa fikiria: panya wa maabara, msongo wake anautoa mtafiti. Wewe wako unautoa kwa watu. Je, kuishi chini ya wengine kunaonekana kwenye damu?

Aliyelibeba swali hilo porini ni Robert Sapolsky, ambaye baadaye alisomea udaktari wa falsafa kwa McEwen. Alianza kujifunza Kiswahili akiwa bado sekondari huko New York, na mwaka 1978, akiwa na miaka 21, alifika Kenya kufuatilia nyani wa Masai Mara. Akawa anarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa nini nyani? Kwa sababu wana nafasi. Chakula wanakipata kwa saa chache tu, na simba hawawasumbui kila siku. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana wenyewe kwa wenyewe. Dume akipigwa na mkubwa wake, anageuka kumpiga mdogo wake. Si unaijua hiyo?

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Sapolsky alitumia mrija wa kupuliza vishale vyenye dawa ya usingizi. Ilibidi amlenge nyani saa ileile ya siku, asiwe ametoka kupigana, na asijue kwamba anawindwa. Akishalala, damu itolewe upesi, kabla kishale chenyewe hakijapandisha homoni.

Matokeo? Kundi likiwa limetulia, madume wa chini walikuwa na kortisoli ya juu hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Wakubwa walikuwa na ya chini. Lakini ngazi za ukubwa zikivurugika, wakubwa wanaopigania nafasi ndio waliopanda.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema: basi, ndivyo maumbile yalivyo, mnyonge ataumia tu. Kilichofuata kinatuzuia kusema hivyo.

Jirani na kundi moja alilolifuatilia kulikuwa na jalala la hoteli ya watalii, nalo lilikuwa eneo la kundi jingine. Karibu nusu ya madume wazima wa kundi lake, wale wakali zaidi, walizoea kwenda kugombania mabaki ya chakula huko. Mwaka 1983 ukazuka ugonjwa wa kifua kikuu uliotokana na nyama mbovu ya jalalani, na madume hao wakafa. Walibaki majike na madume wapole.

Kundi likabadilika. Madume walipunguza kuwaonea wadogo na majike, wakaongeza kuchambuana manyoya. Miaka kama 10 baadaye, hakuna hata dume mmoja wa zamani aliyebaki, maana madume wa nyani huhama kundi walikozaliwa wakibalehe. Waliokuwepo wote walikuwa wageni, lakini upole ulikuwepo bado. Wageni walikuwa wameufuata. Na madume wa chini? Dalili za msongo zilizozoeleka kwa wanyonge hazikuonekana kwao. Sapolsky na Lisa Share walichapisha haya mwaka 2004.

Hili ni kundi moja tu, na sisi si nyani. Hata hivyo linagusa jambo tunalolirudia bila kufikiri. Mtu akichoka kazini au chuoni tunamwambia apumue, alale mapema, ajitahidi kuwa imara. Ushauri mzuri. Ila madume wale hawakufundishwa kupumua. Ngazi zilikuwepo palepale, na wao bado walikuwa chini. Kilichobadilika ni jinsi walio juu walivyowatendea. Kwa hiyo ukikutana tena na mtu "mwenye msongo", usiulize tu ana nini. Uliza pia anaishi na kina nani, na wewe uko ngazi gani juu yake.